Bwana Zinzendorf na Vikundi vya Herrnhut

Wasomaji wa gazeti hili wanalijua jina la Bwana Zinzendorf kwa ajili ya nyimbo zake, na kwa ajili ya wajumbe wa Injili waliotoka Herrnhut kwenda pande nyingi za dunia. Hata huku kwetu kazi yao ilifika. Mwaka wa 1891 Wamoravian walianza kazi Rungwe, nao wajumbe wa Kilutheri waliotoka Berlin walianza mwaka ule ule katika nchi ile ile ya Wanyakyusa, wakawa majirani. Lakini leo sitasimulia habari za safari wala za nyimbo. Nataka kusimulia jambo lililo dogo kwa kulitazama: jinsi bwana huyu alivyowaketisha watu watatu watatu, watano watano, wazungumze juu ya mambo yaliyowapata wao wenyewe, hata kila mmoja apate kujitambua kwa kusikilizwa na wenzake.

Jambo hilo lina mizizi katika Kanisa letu. Luther, katika dibaji ya ibada ya Kijeremani ya mwaka 1526, alikwisha kuwaza juu ya Wakristo wenye bidii kukutana nyumbani. Wala hakulianza, kwa maana hakuwaona bado watu wa kufaa. Tena mwaka 1537, katika Makala ya Smalkald, aliyahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu kuwa mojawapo ya njia ambazo Injili hutufikia. Watu wengi waliyasoma, wakafunga kitabu. Mwaka 1670 mchungaji Philipp Jakob Spener wa Frankfurt alianza kuwakusanya watu nyumbani mwake, lakini hapo mazungumzo yalikuwa hasa juu ya vitabu vya ibada na juu ya Maandiko. Lilisalia bado jambo la kuzungumza habari za moyo wa mtu mwenyewe, na hilo ni gumu zaidi, kama ajuavyo kila mwalimu aliyewahi kuwauliza wanafunzi wake swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Nikolaus Ludwig von Zinzendorf alizaliwa Dresden tarehe 26 Mei 1700. Ukoo wake ulikuwa wa wakuu wenye cheo cha Graf, nao walikuwa Walutheri. Spener mwenyewe, aliyekuwa mzee sasa, alikuwa miongoni mwa wasimamizi wake wa ubatizo. Baba yake alikufa wiki chache tu baada ya yeye kuzaliwa. Mama yake aliolewa tena na jemadari mmoja wa Prussia, akaenda zake, na mtoto akaachwa alelewe na bibi yake mzaa mama, Bibi Henriette Catharina von Gersdorff, katika nyumba kubwa ya Gross-Hennersdorf. Bibi huyo alikuwa mwenye elimu nyingi, aliyezijua lugha za Maandiko, na nyumba yake ilikuwa ya sala.

Mtoto alikuwa mpweke. Hakuwa na ndugu wa rika lake wa kucheza naye. Imesimuliwa kwamba aliandika barua kwa Mwokozi, akazitupa dirishani, akiamini kwamba zitaokotwa na yeye aliyeandikiwa. Lakini alikuwa na mtu mmoja wa kumweleza mambo, ndiye mama yake mdogo Henriette, msichana aliyekuwa bado kijana. Huyo alizoea kumsikiliza. Mtoto alimwambia mema yake na mabaya yake, wala msichana hakumfokea kwa mabaya wala hakumsifu kupita kiasi kwa mema. Walimu wake wengi walimfundisha mengi. Huyu alimfundisha kwamba neno lililokaa kifuani hubadilika likisemwa mbele ya mtu anayekupenda. Mimi nadhani shina la vikundi vya Herrnhut limo katika mazungumzo hayo, kuliko katika vitabu vyote alivyosoma baadaye.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi alipelekwa Halle, katika shule ya August Hermann Francke. Hapo hakupendwa sana. Alikuwa mtoto wa wakuu, mwenye mwili dhaifu na maneno mengi, nao wenzake walimtesa. Hata hivyo aliwakusanya wachache kuomba pamoja, wakafanya chama chao walichokiita kwa jina la punje ya haradali. Huko Halle alijifunza pia jambo lililomwudhi muda mrefu. Walimu wa Halle walikuwa watu wa kweli, lakini wengi wao waliishika kanuni moja juu ya kuongoka: mtu hana budi kupita kwanza katika vita kali ya toba, na machozi, na hofu ya kupotea, hata ifike siku na saa ya kupenya, na asiyeweza kuieleza siku hiyo, walimwona kama hajaongoka. Zinzendorf hakuweza kuieleza. Alimpenda Mwokozi tangu utoto wake, wala hakujua siku alipoanza. Alipokwisha kuwa mtu mzima, mwenye kazi kubwa mikononi mwake, wako waliomshuhudia usoni kwamba si mwongofu. Jambo hilo lilimsumbua, akajichunguza kwa muda, asione ndani yake hadithi ile waliyoitaka.

Afadhali msomaji alikumbuke jambo hili, maana ndilo lililomfanya kuwa mwangalifu. Aliona kwamba mtu akifundishwa mapema jinsi moyo wake unavyopaswa kuwa, ataueleza hivyo hivyo, na wala si uongo wa makusudi. Ni kwamba amepewa maneno ya mwingine kabla ya kupata yake. Basi maneno yanakuwa safi, na moyo unabaki pale pale.

Jamaa zake hawakumtaka awe mchungaji, kwani haikuwa desturi kwa mtu wa cheo chake. Mwaka 1716 wakampeleka Wittenberg asome sheria. Baada ya safari ya Uholanzi na Ufaransa alipewa kazi ya serikali Dresden, mwaka 1721, katika baraza la mfalme. Kazi hiyo aliifanya bila kuipenda, na siku za Jumapili alifungua milango ya nyumba yake kwa watu wapendao kuzungumza habari za imani. Mwaka 1722 alinunua kwa bibi yake shamba kubwa la Berthelsdorf, akamweka mchungaji Johann Andreas Rothe katika kanisa la pale, na mwezi wa Septemba akamwoa Bibi Erdmuthe Dorothea wa ukoo wa Reuss. Bibi Erdmuthe alikuwa mwenye busara ya mali na nyumba, ambayo mumewe hakuwa nayo, na bila yeye kazi yote ingalianguka kwa madeni.

Mwaka huo huo walifika wakimbizi. Seremala mmoja jina lake Christian David alikuwa akipita kwa siri katika nchi ya Moravia, ambako wajukuu wa Kanisa la Ndugu, lile lililotoka kwa wafuasi wa Jan Hus, walikuwa wakiteswa kwa ajili ya imani yao. Akawavusha mpaka, akawaleta Saksonia. Tarehe 17 Juni 1722 alikata mti wa kwanza wa kujengea nyumba katika ardhi ya Zinzendorf, penye kilima kiitwacho Hutberg. Kijiji kilichozaliwa hapo kikaitwa Herrnhut.

Sasa, watu wanapokimbia kwa ajili ya imani, wengine hudhani kwamba wakikusanyika watakaa kwa amani. Haikuwa hivyo. Hata mwaka 1727 Herrnhut ilikuwa na watu kati ya 200 na 300, tena wa namna nyingi. Walikuwapo watu wa Moravia, walioacha mashamba na nyumba, na wengine waliowaacha jamaa zao gerezani. Walikuwapo Walutheri wa Saksonia, na Wareformati, na wafuasi wa Schwenckfeld, na watu waliojitenga na makanisa yote. Kila kundi lilikuwa limeteseka, na kila kundi liliona kwamba mateso yake ndiyo muhuri wa mafundisho yake. Akaja mtu mmoja, Krüger, mwenye maneno ya moto, akawafundisha kwamba Zinzendorf ndiye yule mnyama wa Ufunuo na mchungaji Rothe ndiye nabii wa uongo. Wengi wakamwamini. Hata Christian David, aliyewaleta kwa hatari ya maisha yake, akajenga kibanda chake nje ya kijiji, akajitenga. Kijiji cha miaka mitano kilikuwa karibu kuvunjika.

Zinzendorf aliomba ruhusa kazini Dresden, akaja kukaa Herrnhut. Ardhi ni yake, sheria ya nchi ilimpa nguvu ya kuwafukuza. Hakufanya hivyo. Wala hakuitisha mkutano mkubwa wa kuhojiana mafundisho, maana mikutano ya namna hiyo walikwisha kuifanya, na kila mara walitoka na hasira kupita walivyoingia. Alianza kwenda nyumba kwa nyumba, akiketi na kuwasikiliza, mtu mmoja mmoja na jamaa moja moja. Tarehe 12 Mei 1727 aliwaita wote, akanena nao kwa saa nyingi, wakakubali kutia sahihi mapatano ya kuishi pamoja, wakachagua wazee kumi na wawili. Mapatano ni kitu chema. Lakini mtu aweza kutia sahihi na kurudi nyumbani na kinyongo chake. Mwezi wa Julai ndipo vilipoanza vikundi.

Wenyewe waliviita kwa neno la Kijeremani maana yake vifungo, kwa kuwa viliwafunga watu pamoja. Desturi yao ilikuwa hivi. Watu wachache walikutana, wawili, watatu, watano, wasizidi sana hapo. Wanaume walikuwa peke yao na wanawake peke yao, wenye ndoa pamoja na wenye ndoa, vijana pamoja na vijana. Hawakupangwa kwa cheo wala kwa taifa, walipangwa kwa kuangalia ni nani anayeweza kumfungulia nani moyo wake. Hivyo mtu wa Moravia aliweza kuketi na Mlutheri wa kijiji, na fundi na mtu wa ukoo mkubwa. Walikutana hasa jioni, kazi ilipokwisha, chumbani. Mmoja aliwekwa kuwa mkuu wa kikundi. Kisha kila mmoja alisema hali ya moyo wake ilivyo tangu walipokutana mara ya mwisho: alijaribiwa na nini, alianguka wapi, alifarijiwa na nini. Wakaombeana. Msingi wao ulikuwa neno la Waraka wa Yakobo, sura ya 5 na mstari wa 16, nao wanaojua Biblia yao watalifungua. Tena watu walibadilishwa mara kwa mara kutoka kikundi hata kikundi, wasije wakazoeana mno na kuifanya kuwa desturi ya midomo.

Ukilitazama jambo hili, utaona kwamba nguvu yake ilikuwa katika sharti moja: kila mtu aseme yake. Fikiri juu ya mtu aliyekasirishwa na mchungaji Rothe kwa sababu ya taratibu za ibada. Katika mkutano mkubwa alikuwa na maneno mengi juu ya Rothe. Katika kikundi hayo hayamfai. Hana budi kusema juu yake mwenyewe. Mwanzo hana la kusema, anakaa kimya, anatazama mikono yake. Halafu anaanza kusema kwamba hasira yake humjia hasa usiku, na kwamba usiku ndipo anapomkumbuka mama yake aliyemwacha ng'ambo ya mpaka bila kumuaga. Anaposema hayo anayasikia kwa masikio yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Wala hakuna aliyemfundisha neno hilo, limetoka kwake. Na mwenzake, aliyemwona kuwa adui wa mafundisho ya kweli, anajua usiku wa namna hiyo kwa kuwa alimwacha mkewe. Baada ya hapo shindano la taratibu halimaliziki mara moja, lakini haliwi tena kitu kile kile.

Sisemi kwamba mtu fulani wa Herrnhut alisema maneno hayo. Nasema ndivyo mazungumzo ya namna hii yanavyofanya kazi, na kila aliyewahi kuketi katika kikao cha wafiwa, au pamoja na akina mama waliopatanishwa baada ya ugomvi wa muda mrefu, amekwisha kuona. Mtu peke yake hulizungusha jambo moyoni bila kufika mwisho wake. Mbele ya watu wengi hulipamba. Mbele ya watu wachache walio sawa naye, anaowajua, wanaoongojea zamu yao ya kusema, hulitazama.

Tarehe 13 Agosti 1727 watu wa Herrnhut walikwenda kanisani Berthelsdorf kushiriki Chakula cha Bwana. Siku hiyo mioyo yao iliyeyuka, wakalia, wakapatana, nao Wamoravian wa pande zote huikumbuka hata leo kuwa siku ya kuzaliwa upya kwa Kanisa lao. Wanaoisimulia wengi huisimulia kama mvua iliyonyesha ghafula. Sikatai kwamba mvua ni ya Mungu. Lakini shamba lilikuwa limelimwa: miezi mitatu ya kwenda nyumba kwa nyumba, na wiki kadhaa za vikundi.

Matunda mengine yalifuata. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen wakati wa kutawazwa kwa mfalme wa Denmark, akakutana na Mwafrika mmoja aitwaye Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, aliyewaeleza hali ya dada yake na watumwa wenzake. Aliporudi alilisimulia jambo hilo katika kusanyiko. Usiku ule kijana mfinyanzi, Leonhard Dober, hakulala kwa kuwaza kwenda huko. Aliona haya kulisema, akidhani ni ndoto za ujana. Alikuwa na rafiki, Tobias Leupold, ambaye alizoea kutembea na kuzungumza naye jioni habari za mioyo yao. Kesho yake alimfungulia, akakuta kwamba Leupold naye amekesha usiku ule ule kwa wazo lile lile, akangoja apate mtu wa kumwambia. Tarehe 21 Agosti 1732 Dober akatoka Herrnhut pamoja na seremala David Nitschmann, wakawa wa kwanza katika safari ndefu ya wajumbe ambayo mwisho wake ulifika hata Rungwe. Leupold aliachwa nyuma mwaka huo. Sijui kama kazi ile ingalianza wakati huo, lau Dober asingalikuwa na desturi ya kumwambia mtu mmoja mambo yake.

Mwezi wa Agosti mwaka 1738 John Wesley, yule Mwingereza, alifika Herrnhut kuyaona kwa macho yake. Alihesabu karibu vikundi tisini, navyo vilikutana mara mbili au tatu kila wiki. Miezi michache kabla ya hapo, huko London, yeye na Peter Böhler wa Kimoravian walikwisha kuanza chama chenye vikundi vya watu watano mpaka kumi, na kanuni yao ilikuwa kwamba kila mmoja kwa zamu aeleze kwa uwazi na kwa ufupi hali halisi ya moyo wake. Neno hilo la ufupi lina hekima, maana wako wanaojificha katika wingi wa maneno. Kutoka hapo desturi hii ikaingia kwa Wamethodisti, ikaenea. Na katika karne iliyopita, Marekani, mchungaji wa Kilutheri Frank Buchman alianzisha chama cha watu kuambiana makosa yao katika vikundi vidogo. Na wawili waliopita katika mikutano hiyo, walevi wote wawili, wakaanza mwaka 1935 katika mji wa Akron chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kwa kila mmoja kusimulia habari zake. Chama hicho sasa kimo katika nchi nyingi, na wengi wanaoketi humo hawajasikia kamwe jina la Herrnhut.

Lakini tusimsifu Zinzendorf kupita kweli. Vikundi vilikuwa na udhaifu wake, na wa kwanza ulikuwa yeye mwenyewe. Wakuu wa vikundi walikuwa wakikutana naye na kuzungumza juu ya hali za watu. Yeye alikuwa ndugu, naam, lakini alikuwa pia mwenye ardhi, na mwamuzi wa kijiji, na mwenye kuwalinda mbele ya serikali. Mtu akijua kwamba aliyoyasema jioni yaweza kumfikia mwenye shamba, atapima maneno yake. Nitawasifu zaidi kwa jambo hili, kwamba walijaribu kuushusha ukubwa: mwaka 1730 walimchagua kwa kura Anna Nitschmann kuwa mzee wa wanawake, naye alikuwa binti maskini wa miaka kumi na minne tu, aliyewahi kuchunga ng'ombe. Lakini ukubwa wa bwana mwenyewe haukushuka kwa kura.

Mwaka 1736 serikali ya Saksonia ilimfukuza katika nchi, kwa mashtaka ya adui zake. Akaanza kuhamahama. Mwaka 1737 aliwekwa askofu Berlin. Mwaka 1739 alifika St. Thomas, akawakuta wajumbe wake gerezani, akawatoa. Lakini aliponena na watumwa aliwafundisha kuridhika na hali yao, wala hakuigusa minyororo. Hilo ni doa katika habari zake, nasi hatuna sababu ya kulifuta. Kutoka mwisho wa mwaka 1741 alikaa Pennsylvania mwaka mmoja na zaidi. Safari hizo nyingine naziacha.

Jambo la huzuni kuliko yote lilitokea Herrnhaag, kijiji kilichojengwa katika nchi ya Wetterau wakati wa kufukuzwa kwake. Kilikuwa na vijana wengi, na mkuu wa vijana wanaume alikuwa mwana wake mwenyewe, Christian Renatus. Baba alikuwa amewafundisha kuzungumza juu ya majeraha ya Mwokozi kwa lugha ya mapenzi na ya kitoto. Vijana wakaishika lugha hiyo, wakaizidisha, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba moyo wake una utamu kupita wa mwenzake. Sikukuu zikawa nyingi, na taa, na mapambo. Ndugu za miaka ya 1740 waliuita baadaye wakati huo kuwa wakati wa kupepetwa. Na mimi naona kwamba ugonjwa ulikuwa ni ule ule wa Halle, umevaa nguo nyingine. Halle watu walitakiwa wasimulie machozi. Herrnhaag walitakiwa wasimulie furaha. Aliyekuwa na moyo mkavu, au huzuni, au hasira, hakuwa na neno la kusemea, akaazima la wengine. Yaliyokuwa mazungumzo ya kujitambua yakawa mashindano.

Wazee wetu waliouona uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Buhaya na kwingine kwetu, walijua hatari hii. Walifurahi kwa watu waliorudisha mali ya wizi na kupatana na adui zao. Lakini waliona pia kwamba ushuhuda ukirudiwa mara kwa mara mbele ya wengi, dhambi iliyoungamwa huanza kukua kidogo kidogo, apate msimulizi kusikilizwa.

Zinzendorf alichelewa kutambua. Mwaka 1749, alipokuwa London, aliandika barua kali ya kukemea, akamwita mwanawe aje kwake. Christian Renatus aliacha kazi yake, akaja, akakaa na baba yake kwa toba na utulivu. Alikuwa dhaifu wa kifua. Alikufa London mwezi wa Mei 1752, mwenye umri wa miaka 24. Herrnhaag ikaachwa, watu wake wote wakahama, kwa amri ya mtawala wa nchi ile. Katika watoto kumi na wawili ambao Bibi Erdmuthe alimzalia, sasa walibaki mabinti watatu tu. Na Bibi Erdmuthe mwenyewe akafa mwezi wa Juni 1756. Mwaka uliofuata Zinzendorf alimwoa Anna Nitschmann, yule binti wa kuchunga ng'ombe, bila kelele.

Katika miaka ile ya pili vikundi vya kwanza vilikuwa vimepungua nguvu, na mahali pake palishikwa na makundi makubwa ya rika, pamoja na mazungumzo ya mtu mmoja na mlezi wake kabla ya kushiriki Chakula cha Bwana. Lakini desturi nyingine ilizaliwa, nayo naiona kuwa mtoto halali wa vikundi: kila ndugu na kila dada aandike habari za maisha yake mwenyewe, au amsimulie mtu wa kuandika, zisomwe mbele ya kusanyiko siku ya kuzikwa kwake. Maelfu ya habari hizo yamehifadhiwa mpaka leo Herrnhut, na pia Bethlehem katika Pennsylvania.

Moja ni ya Mwafrika, Andreas, mtu wa kabila la Waigbo. Anasimulia kwamba baba yake alikufa angali mtoto, na ndugu yake akamweka rehani kwa mbuzi wawili. Kisha akauzwa, akauzwa tena, akapelekwa kisiwa cha Antigua, halafu New York. Mwaka 1746 alifika Bethlehem, akabatizwa, akaishi humo hata kufa kwake mwaka 1779. Mwanzoni alikuwa bado mtumwa kwa sheria, na katika vitabu vya wakati ule watumwa kwa kawaida ni hesabu tu, pamoja na bei. Huyu ana baba, na ndugu, na mbuzi wawili, na hofu yake, na furaha yake, kwa mpango alioupanga yeye. Kwa kuwa alikaa mahali ambapo kila mtu, hata yeye, aliulizwa habari za maisha yake na kungojewa ajibu.

Katazo la serikali lilikuwa limeondolewa mwaka 1747, na Zinzendorf alimalizia siku zake Herrnhut. Alifanya kazi mpaka wiki ya mwisho. Alikufa tarehe 9 Mei 1760, karibu kutimiza miaka 60, na watu wa kijiji wakiingia na kutoka chumbani mwake. Anna alikuwa mgonjwa katika nyumba ile ile, akamfuata baada ya siku kumi na mbili.

Walizikwa kwenye kilima cha Hutberg. Anayefika huko leo huona mawe ya makaburi yamelazwa chini, mstari kwa mstari, yote sawasawa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, mfinyanzi karibu na mwalimu. Katikati tu yako makaburi machache makubwa yaliyoinuliwa juu ya mengine, ndiyo ya Zinzendorf na jamaa yake.